Muktadha Ulioachwa Nje ya Darasa

Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza akikwama kwenye neno la Kiingereza lenye maana nyingi, huambiwa asome sentensi nzima, atazame maneno ya jirani, kisha akisie. Ushauri huo una sharti lisilotajwa. Mwaka 2000, watafiti Hu na Nation walionyesha kwamba msomaji huhitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ya matini ili aielewe vyema bila msaada, yaani asikutane na neno geni zaidi ya moja katika kila maneno 50. Mtoto wa Lionja, wilayani Nachingwea, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili kisha akakabidhiwa kitabu cha Jiografia cha Kiingereza, yuko mbali na kiwango hicho. Hata hayo maneno ya jirani ni mageni kwake.

Kwa mwanafunzi wa namna hii, dokezo la kutegemewa huwa limo katika jambo linalozungumzwa, na mara nyingi jambo lenyewe analifahamu kwa Kiswahili.

Tuchukue "scheme": ni mpango, na ni hila pia. Katika sentensi "The groundnut scheme failed", sarufi haiamui lolote, kwa kuwa mpango hushindwa na hila hushindwa. Kinachoamua ni habari yenyewe. Mwaka 1947 Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza kufyeka misitu ya Tanganyika ili ilime karanga. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa, reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Kwa mtoto wa Lionja, Nachingwea hiyo ni habari ya nyumbani. (Wazee wakisema "hila" ndiyo inayofaa zaidi, huo ni mjadala wa Historia, msamiati hauhusiki.)

Au "shell". Aliyewahi kubangua korosho anajua kwamba ganda huzunguka kiini, na kwamba mafuta ya ganda hilo huunguza vidole. Mwalimu wa Kemia anapofika kwenye "shell" ya elektroni zinazozunguka kiini cha atomu, ana pa kuanzia. Kiswahili kimemrahisishia, maana kiini ni kile kile kwa jina. Mfano huo una mwisho wake, kwani atomu haibanguliwi, lakini wazo la kitu kinachozunguka kingine limeshaingia.

Ujuzi wa mtaani peke yake hautoshi. "Power" kijijini ni umeme au mamlaka. Mwenye kubeba maana hizo hadi kwenye Hisabati atapotea. Hapa kinachohitajika ni istilahi ya shule ya msingi: kipeo. Vivyo hivyo "volume": mwalimu akitamka ujazo mara moja tu, sauti ya redio na juzuu ya kitabu zinajiondoa zenyewe. Ajabu ni kwamba istilahi hizi, zilizofundishwa kwa miaka mingi, huachwa mlangoni mwa sekondari, chini ya kibao kinachoamuru Kiingereza tu. Na katika kipindi cha Kiswahili wanafunzi hao hao huchambua utata wa "paa" bila shida. Mwalimu wa Kiingereza anayeingia baada ya hapo huanza upya kana kwamba hawajawahi kupima maana.

Wapo watakaosema chumba cha mtihani hakina mwalimu wa kunong'ona "ujazo". Ni kweli, ila mwanafunzi aliyekwisha kuliambatanisha neno na dhana aliyonayo hahitaji kunong'onewa. Anayehangaika ni yule aliyekariri tafsiri moja, kisha akakutana na nyingine kwenye swali.