Maandishi Ndani ya Duara: Kutoka Sarafu za Kilwa Hadi Muhuri wa Ndosho

Makala haya yanachunguza jambo ambalo wanaisimu wetu hawajalipa nafasi kubwa: namna maneno yanavyopangwa ndani ya umbo la duara. Huenda msomaji akauliza jambo hilo linaihusu vipi taaluma ya lugha, maana linaonekana kuwa la mafundi na wachapaji. Chanzo cha uchunguzi wetu ni kauli tuliyoisikia mwaka 2019 katika kibanda kimoja cha kompyuta mtaani Ndosho, mjini Goma, kando ya barabara iendayo Sake. Akina mama wa kikundi cha akiba walikuwa wamekuja kuagiza kashe, yaani muhuri wa mpira, na walitaka maneno yake yawe ya Kiswahili. Fundi akawaambia haiwezekani. Kifaransa, alisema, kinaingia vizuri katika duara, lakini Kiswahili ni kirefu mno, kitatoka nje. Akatoa mfano wa jina la nchi. Akina mama wakakubali, wakalipa, wakaondoka na kashe ya Kifaransa ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa yana historia. Muhuri tumeupata kutoka Kiajemi. Chapa ina asili ya Kihindi. Kashe ni Kifaransa, nayo imeingia katika Kiswahili cha Kongo kwa mlango wa ofisi. Kila neno limefuata njia ya wale walioleta chombo chake. Lakini duara lenye maandishi lilikuwako pwani kabla ya ofisi yo yote ya Kizungu.

Masultani wa Kilwa walipiga sarafu ndogo za shaba kwa karne kadhaa. Upande mmoja huwa na jina la sultani, na upande wa pili tamko la kumtegemea Mungu, na maneno ya pande hizo mbili yamepangwa yapate vina, mithili ya mishororo miwili. Lugha yake ni Kiarabu. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, yule sultani ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331, imeokotwa hata Zimbabwe Kuu. Linalotuhusu hapa ni mpangilio: fundi wa Kilwa aliyaweka maneno yake katikati, kwa mistari iliyonyooka, akaliacha duara liyazunguke. Si kwamba herufi za Kiarabu, kwa kuwa zimeunganika, haziwezi kupinda. Dinari za Bani Umayya zilikuwa na maandishi ya kuzunguka ukingoni tangu mwaka 77 wa Hijra. Kilwa ilichagua.

Namna hizo mbili zilikutana juu ya sarafu moja mwaka 1890, pale Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipoanza kutoa pesa zake za shaba. Upande wa tai, jina la kampuni kwa herufi za Kirumi linafuata ukingo. Upande wa pili, jina lake kwa Kiarabu limetulia katikati, ndani ya shada la majani.

Huku Kongo, mwaka 1887 una mambo mawili ya kukumbukwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye kama Tippu Tip, alifanywa liwali wa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani; na Dola Huru ya Kongo ikaanza kutoa sarafu zake. Liwali alizungumza Kiswahili, na misafara iliyopita huko ilizungumza Kiswahili. Sarafu hazikuwa na neno la lugha hiyo hata moja. Zile za shaba zilitobolewa katikati, kwa hiyo maandishi hayakuwa na budi kukimbilia ukingoni. Na yalipofika huko hayakuenea. Jina la Leopold likakatwa likawa LEOP., cheo chake kikawa SOUV., na neno la kusema dola ni huru likabaki INDEP. Naomba msomaji alitazame jambo hili kwa makini: Kifaransa hakikuenea katika duara, kikafupishwa, wala hakuna aliyesema kwamba lugha hiyo ni ndefu mno. Baadaye, chini ya Ubelgiji, duara lile lile lilibeba Kifaransa na Kiflemi kwa pamoja. Nafasi ilipatikana kwa lugha mbili za Ulaya. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1967 ndipo maneno kama likuta na makuta yakaingia na viambishi vyao vya ngeli. Tanzania ilikuwa imetangulia mwaka 1966 kwa senti na shilingi zake.

Sasa turudi Ndosho, tuhesabu. République Démocratique du Congo: herufi 29 na nafasi 3, jumla 32. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: herufi 28 na nafasi 4, jumla 32. Basi urefu ni ule ule.

Hata hivyo tusimdhulumu fundi. Jicho lake liliona kitu, ila alikosea kukitaja. Tuchukue muhuri wenye kipenyo cha milimita 40, ambao maneno yake yamepangwa milimita 15 kutoka katikati. Nusu ya juu ya mzingo huo ni milimita 47 hivi, yaani kama milimita moja na nusu kwa kila herufi au nafasi. Katika upinde wa juu, vichwa vya herufi hutawanyika. Katika upinde wa chini, herufi zikigeuzwa ili zisomeke, vichwa hubanana. Kwa sababu hiyo kila nafasi kati ya maneno huonekana pana zaidi juu kuliko ilivyo katika mstari ulionyooka, na Kiswahili, pamoja na vile viunganishi vyake ya, wa, cha, kina nafasi nyingi. Maneno yanaonekana yamelegea. Dawa yake ni kupunguza nafasi hizo kwa mkono, na CorelDRAW, programu ya tangu mwaka 1989, inaruhusu.

Shida kubwa zaidi iko katikati ya duara, maneno yanapopangwa kwa mistari kama ya Kilwa. Programu nyingine hulichukua duara kana kwamba ni mraba uliomo ndani yake, na hapo karibu asilimia 36 ya eneo hupotea. Nyingine hupima kila mstari peke yake: katika muhuri wetu wa milimita 40, mstari upitao katikati una milimita 40, na ulio milimita 16 juu yake una 24 tu. Katika mstari mfupi namna hiyo neno hukatwa, na hukatwa kwa kanuni za lugha iliyochaguliwa katika programu. Njia ya kukata maneno kwa ruwaza, aliyoieleza Franklin Liang katika tasnifu yake ya Stanford mwaka 1983, hudai ruwaza za kila lugha. Kompyuta ya fundi ilikuwa imewekewa Kifaransa. Kwa hiyo kitenge hukatwa kiten-ge, na ng'ombe huwa ng'om-be, ilhali silabi zetu ni ki-te-nge na ng'o-mbe, kwa kuwa nazali huenda na konsonanti inayoifuata. Msomaji wa Kiswahili hukwama pale pale, kisha husema lugha yake haifai kuchapwa.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa ambazo serikali ina wajibu wa kuziendeleza bila ubaguzi. Kashe ya kikundi cha akiba si hati ya serikali. Hakuna sheria tuijuayo iliyowazuia akina mama wale. Waliozuiwa nayo ni hesabu ambayo haikufanywa.

Tulimrudia fundi baada ya wiki mbili, tukiwa na karatasi na rula. Alihesabu mwenyewe, mara mbili, akicheka. Kisha akazima ukataji wa maneno, akabana nafasi, akapanga jina la kikundi katika upinde wa juu na neno NDOSHO katikati, mstari mmoja. Liliingia, na pembeni palibaki pa kutia nyota mbili. Akina mama waliilipia kashe ya pili kwa bei ile ile ya kwanza. Ile ya Kifaransa wanaitumia kwa barua za ofisini. Ya Kiswahili hugongwa katika vitabu vya akiba, kila Jumamosi, mbele ya wenye fedha.