"Si Sigara, Mwalimu"

Muhula uliopita, katikati ya semina, ukumbi ulinukia embe bivu, na msimu wa maembe ulikuwa bado. Nilipomwuliza kijana wa safu ya nyuma kwa nini anavuta sigara darasani, alinijibu kwa adabu zote: "Si sigara, mwalimu." Hakuwa akinikejeli, aliamini alichokisema. Nami, kwa kuwa riziki yangu ni historia, nikatambua kwamba jibu hilo ni kongwe kuliko yeye.

Mwaka 1965 Mmarekani Herbert Gilbert alipewa hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku. Haikuwa hata na nikotini, na haikupata soko. Aliyeirudisha nikotini ni mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji, na baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Sina sababu ya kutilia shaka nia yake: alitaka mvutaji apate njia ya kutokea. Watetezi wa kifaa hiki wana hoja yenye uzito hapo, na mwaka 2015 taasisi ya afya ya umma ya England ilikadiria kwamba madhara yake ni pungufu kwa takriban asilimia 95 kuliko ya sigara. Ila makadirio hayo yanamhusu anayevuta tayari. Mtoto ambaye hajawahi kuvuta chochote halinganishi mvuke na moshi. Kwake mlinganisho ni baina ya mvuke na hewa safi.

Tutazame Marekani, ambako kisa hiki kimeandikwa kwa ukamilifu zaidi. Mwaka 2000 Mahakama Kuu iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba mamlaka ya chakula na dawa, FDA, haina uwezo wa kuisimamia tumbaku. Bunge likaipa uwezo huo mwaka 2009, na sigara zenye ladha ya matunda na peremende zikapigwa marufuku mwaka huohuo kwa kuwa zilikuwa zikiwanasa watoto. (Mentholi ilisamehewa.) Lakini sheria ilitaja sigara. Kifaa kisicho na jani wala kiberiti kilipenya, na FDA haikukiweka rasmi chini ya usimamizi wake hadi 2016.

Wakati huo JUUL ilikuwa sokoni tangu mwaka uliotangulia: chembamba kama flashi ya kompyuta, chenye chumvi za nikotini zisizokwaruza koo la mgeni, na miongoni mwa ladha zake, embe. Mwaka 2017 asilimia 11.7 ya wanafunzi wa sekondari za juu walisema wamevuta sigara za kielektroniki ndani ya siku 30 zilizotangulia. Mwaka 2019 walikuwa asilimia 27.5.

Januari 2020 FDA ikazuia ladha katika vichupa vya kubadilisha, isipokuwa tumbaku na mentholi. Vifaa vya kutumia na kutupa havikuguswa. Miongoni mwa wanafunzi hao wavutaji, waliopendelea vya kutupa walipanda kutoka asilimia 2.4 hadi 26.5 ndani ya mwaka mmoja. Kisha wakatokea watengenezaji waliodai kwamba nikotini yao imeundwa maabara, haikutoka kwenye jani, kwa hiyo si tumbaku! Bunge liliziba tundu hilo Machi 2022. Kufikia 2024 kiwango kilishuka hadi asilimia 7.8, na anayesema sheria hazifui dafu ajibu kwanza takwimu hiyo.

Uganda haikungoja. Sheria yake ya 2015 ilivitaja vifaa hivi kwa jina, ikakataza kuviingiza na kuviuza, na kuweka umri wa kununua tumbaku kuwa miaka 21. Marufuku kamili inanitia wasiwasi, kwani biashara ya magendo haimwulizi mtoto umri wake. Hata hivyo naheshimu uamuzi wa kukitaja kitu kabla hakijazoeleka.

Kijana yule nilimwomba anisomee maandishi ya kisanduku chake. Akasoma ladha, akasoma jina, kisha kwa sauti ya chini: nikotini, miligramu 50 kwa kila mililita. Akakigeuza kisanduku, akasoma tena.