Mzee wa Mazimbu na bili ya Durban

Najua nimepotea hapa tangu Desemba. Ujumbe wenu wote nimeusoma, na ule wa mama nimeusoma mara mbili: "Mwanangu, mbona safari hii hujatuma hata ya sikukuu?" Naomba mniwie radhi. Leo natoa jibu, ila ni refu kidogo, maana linaanzia hapo hapo kwetu Morogoro, linapita Angola, na linaishia Warwick Junction ninapotengenezea simu. Wekeni chai jikoni, kisha tuendelee.

Kwa ambao hamjawahi kufika, Warwick ni kama mchukue Kariakoo, Ubungo na stesheni ya treni mvichanganye mahali pamoja. Stesheni ya Berea ipo hapa, mabasi yapo hapa, na teksi zao, ambazo ndizo daladala za kwetu, zinapiga honi kuanzia alfajiri. Wanasema kwa siku wanapita watu 460,000 hivi. Soko la mboga, lile wanaloliita Early Morning Market, lipo tangu 1910, na mwaka 2009 manispaa ilipotaka kujenga maduka makubwa mahali pake, wenye soko waligoma mpaka mpango ukafa. Juu ya barabara ya juu iliyoachwa bila kumaliziwa ndipo wanapouza dawa za miti shamba: mizizi, magamba, majani, kila kitu. Nalitaja soko hilo la dawa kwa sababu yule mzee ninayetaka kuwasimulia alikuwa akinunua dawa ya kidonda chake huko.

Nilimjua miaka sita iliyopita. Nilikuwa naongea na shangazi kwenye simu, mara nikasikia sauti nyuma yangu: "Wewe ni mtoto wa Morogoro." Nageuka, namwona mzee wa Kizulu, anatembea kwa magongo, mguu mmoja umekatwa chini ya goti. Nikajikuta nasema, "Shikamoo mzee." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Mazimbu hawajambo?" Jamani, nilikaribia kulia! Unakaa ugenini miaka, halafu mtu wa nchi nyingine anakuulizia nyumbani kwa Kiswahili kilichonyooka.

Nyie wa Mazimbu mnaijua habari hii, wadogo pengine hamuijui. Baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto Juni 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbia nchi. Tanzania ikawapa ANC ardhi Mazimbu, ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa jeshi lao la Umkhonto we Sizwe aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1984 ikafunguliwa na hospitali, iliyojengwa kwa msaada wa Waholanzi. Mwaka 1992 ANC ilikabidhi yote kwa serikali yetu, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Mzee wangu alitoka Afrika Kusini mwaka 1980, akiwa na miaka 18. Akapelekwa Angola kwa mafunzo. Mwaka 1984 akakanyaga bomu la kutegwa ardhini. Baada ya kukatwa mguu akaletwa Mazimbu apone, na anasema ni hapo alipojifunza kutembea mara ya pili. "Nilijifunza na Kiswahili humo humo wodini," ananiambia. "Hakuna aliyeniuliza nani atalipa."

Sasa twende kwenye mkasa wenyewe.

Mzee ana kisukari, na kigutu cha mguu kimekuwa kikichubuka na ule mguu wa bandia wa zamani. Siku moja mwaka jana alianguka karibu na meza yangu, homa kali, hajitambui. Watu wakapiga simu, likaja gari la wagonjwa la kampuni binafsi, likampeleka hospitali binafsi iliyo karibu. Nikapanda naye. Mapokezi dada mmoja akanisukumia karatasi: "Wewe ni nani wake?" Nikasema mimi ni mwanawe. Ningesema nini? Akanionyesha pa kusaini. Nikasaini bila kusoma.

Usiku mbili tu, ndipo ikapatikana nafasi ya kumhamishia hospitali ya serikali. Huko serikalini hakulipa hata senti, kwa sababu anapokea ruzuku ya wazee, na wanaopokea ruzuku hutibiwa bure. Lakini bili ya zile siku mbili ilinifuata mimi: randi 38,400. Ile karatasi niliyosaini ilisema mimi ndiye mdhamini wa deni. Baada ya miezi mitatu wakaanza kupiga wakusanya madeni, asubuhi na jioni. Mama, hela ya sikukuu ilikwenda huko. Tumekubaliana nao randi 800 kwa mwezi, kwa hiyo nina miaka minne ya kulipa.

Najua mtauliza, maana hata mimi niliuliza: mtu aliyepoteza mguu akipigania nchi hii, serikali haimtibu? Hapo ndipo nilipoanza kusoma sheria zao usiku baada ya kazi, na niliyoyakuta nimeona niwaandikie, kwa sababu nadhani nimeelewa tatizo lilipo. Sheria zipo, nyingi na nzuri. Ila kila sheria inaanza kwa kuuliza: jina lako lipo kwenye orodha?

Askari wa jeshi la makaburu walioumia walikuwa na sheria yao ya pensheni za kijeshi ya mwaka 1976. Faili zao zilikuwepo, daktari wa jeshi aliandika, karani akagonga muhuri. Wapigania uhuru walikuwa jeshi la siri. Ukifika kambini unapewa jina lingine, ili makaburu wasiwatese wazazi wako nyumbani. Hata Chris Hani tunayemjua kwa jina hilo alizaliwa Martin Thembisile. Chris lilikuwa jina la ndugu yake. Mzee wangu naye ana jina la vitani, na ndilo lililoandikwa kila mahali alipolala mgonjwa. Kitambulisho chake cha leo kina jina alilopewa na baba yake. Kwenye karatasi, hao ni watu wawili tofauti.

Mwaka 1994 majeshi yalipounganishwa, orodha ya wapiganaji ilitumika kuwaingiza katika jeshi jipya. Yeye hakwenda. Nani atamchukua askari wa mguu mmoja? Mwaka 1996 ikatungwa Sheria ya Pensheni Maalumu kwa waliotumikia ukombozi, ila ilitaka uwe umefikisha miaka 35 ifikapo tarehe 1 Desemba 1996. Mzee alikuwa na miaka 34! Mwaka 2008 wakairekebisha na kushusha umri hadi 30, akaomba, na swali likarudi lile lile: huyu mwenye jina la vitani ndiye wewe? Thibitisha.

Kisha ikaja Sheria ya Maveterani wa Kijeshi ya mwaka 2011. Ukiisoma unaweza kupiga vigelegele: matibabu, fidia ya ulemavu, ushauri nasaha, nyumba, usafiri, hata mazishi. Lakini sharti ni kuthibitishwa na kuingizwa kwenye kanzidata ya idara. Na hata ukiingia, haki yako ni kutibiwa kupitia mfumo wa jeshi. Si kadi ya kuingia nayo hospitali yoyote binafsi, uondoke na bili iende serikalini. Hospitali kuu za jeshi ziko tatu: Pretoria, Cape Town na Bloemfontein. Hapa Durban hakuna hata moja; ile ya Pretoria tu iko karibu kilomita 600. Mtu akianguka Warwick saa nne asubuhi, gari la wagonjwa halimpeleki Pretoria.

Uchungu huu si wa mzee wangu peke yake. Oktoba 2021 kundi la maveterani liliwazuia mawaziri wawili na naibu waziri ndani ya hoteli moja karibu na Pretoria, likidai haki zake, mpaka polisi wakaingia kuwatoa. Siungi mkono kushika watu mateka. Ila baada ya kusoma sheria hizi nilielewa hasira ile ilitoka wapi.

Na hapa Durban kuna kesi moja ambayo kila anayezungumzia mambo haya huitaja. Bwana Thiagraj Soobramoney hakuwa askari. Figo zake zilikufa, akawa anasafishwa damu hospitali binafsi mpaka pesa zikamwishia. Akaenda hospitali ya serikali ya Addington, wakamwambia mashine ni chache na yeye hakidhi masharti. Akaenda hadi Mahakama ya Katiba, akitegemea kifungu cha 27 kinachosema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Novemba 1997 mahakama ikaamua kwamba ugonjwa wake ni wa kudumu, si dharura ya ghafla, na kwamba serikali ina haki ya kugawa kidogo ilicho nacho. Alifariki siku chache baadaye.

Kifungu kile kile ndicho kilichokuwa kikimlinda mzee wangu siku ile, na mimi sikujua. Hospitali ile isingeweza kumfukuza hata kama nisingesaini kitu. Dharura ni haki. Bili inakuja baadaye, na swali linakuwa nani ameweka sahihi. Wapendwa mlio ugenini kama mimi, hili lishikeni: mpelekeni mgonjwa, toeni majina yake, lakini msisaini udhamini kwa hofu. Someni kwanza. Mimi ujinga huo nimeulipia.

Mkidhani haya ni ya Afrika Kusini tu, kumbukeni mtaa wetu wa Kariakoo. Jina lile limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1916 Jenerali Smuts wa Afrika Kusini aliongoza jeshi kuingia Tanganyika, na askari wake wengi waliougua malaria walirudishwa kwao kwa meli kutibiwa. Wapagazi wetu hawakuwa na meli ya kuwarudisha popote. Hesabu za Waingereza wenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 90,000 waliokufa katika vita vile, wengi kwa maradhi, na majina yao wengi hayakuandikwa popote. Katika Vita vya Pili, Waafrika weusi zaidi ya 70,000 wa huku walitumikia bila kupewa bunduki, na wazee wa hapa bado wanasimulia jinsi babu zao walivyorudi na baiskeli tu. Babu yake mzee alikuwa mmojawao. "Babu alipata baiskeli," anasema, "mimi sina hata miguu ya kuiendeshea." Kisha anacheka mwenyewe. Mimi huwa siwezi kucheka.

Mwaka 2023 serikali ilianza kulipa pensheni ya maveterani, na Mei 2024 Rais Ramaphosa alisaini sheria ya bima ya afya ya taifa. Ni hatua. Lakini mlango wa pensheni ile bado ni orodha ile ile, na mzee wangu bado yuko nje. Kigutu kinahitaji mguu mpya wa bandia kabla kidonda hakijapanda gotini. Anapanga foleni serikalini kama kila mtu, na wakati wa kungoja ananunua majani pale juu ya barabara.

Sasa nafika kwenye ombi, na hili ndilo lililonifanya niandike. Uthibitisho unaweza kusaidiwa na ushahidi wa watu waliokuwa naye. Wenzake wengi wamekufa. Tumeandika barua Chuo Kikuu cha Fort Hare, ambako zimehifadhiwa nyaraka za ANC na za shule ya Mazimbu, na tunasubiri. Lakini shangazi, wewe ulifua mashuka pale hospitali ya Mazimbu miaka ile. Wewe na wenzako mliwaona wagonjwa wale kwa macho yenu. Jina lake la vitani sitaliweka hapa, nitakupigia Jumapili. Alikuwa kijana mwembamba, mguu wa kushoto, akipenda kuimba alfajiri mpaka manesi wanamkaripia. Kama unamkumbuka, au kuna mtu ana picha ya zamani ya wodi ile, hata imeliwa na mchwa, tafadhali. Mwende kwa wakili, mle kiapo, mnitumie. Kwenu ni nauli ya daladala na nusu siku, kwake pengine ni mguu.

Deni nitalilipa, msihofu. Kila mwisho wa mwezi mzee hunileta bahasha yenye randi 200 kutoka kwenye ruzuku yake. Nilikataa mara ya kwanza. Akaniambia, "Mwanangu, ulisaini kwamba wewe ni mwanangu. Basi usinikatalie kuwa baba." Tangu siku hiyo napokea kwa mikono miwili.

Mama, Pasaka nitatuma. Kidogo, lakini nitatuma.

Wasalimieni wote. Nawapenda.
Wenu, fundi simu wa Warwick