Marta na Timu Zilizomfia

Mwaka 1941 serikali ya Getúlio Vargas nchini Brazil ilipiga marufuku wanawake kushiriki michezo iliyodaiwa kutolingana na maumbile yao, na soka ikaingia humo. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1979. Miaka saba baadaye, Februari 1986, Marta Vieira da Silva alizaliwa Dois Riachos, mji mdogo wa jimbo la Alagoas. Sheria ilikuwa imekufa, lakini kwao timu za wasichana zilikuwa hazijazaliwa. Akacheza na wavulana.

Akiwa na miaka 14 alipanda basi kwenda Rio de Janeiro, safari ya siku tatu, kufanya majaribio Vasco da Gama. Wakamchukua. Haukupita muda, klabu ikavunja timu yake ya wanawake, naye akaanza upya kwingine. Msiba huo haukuwa wa mwisho.

Straika hupimwa kwa mabao, na ya Marta yapo: 17 katika Kombe la Dunia, moja zaidi ya Miroslav Klose wa Ujerumani. FIFA ilimtaja mchezaji bora wa dunia mara sita, tano mfululizo kuanzia 2006 hadi 2010. Lakini anayetaka kuijua soka ya wanawake ya zama zake azihesabu pia timu zilizomfia.

Umeå ya Sweden, alikofika 2004, ndiyo iliyomtuliza: kombe la klabu za Ulaya mwaka huohuo, kisha ubingwa wa ligi mara nne mfululizo. Mwaka 2009 akavuka kwenda Marekani, kwenye ligi mpya ya kulipwa. Akaifungia Los Angeles Sol na kuwa mfungaji bora. Msimu ulipokwisha, klabu ikafungwa. Akahamia FC Gold Pride, akatwaa ubingwa wa 2010. Klabu nayo ikafa. Akaenda Western New York Flash, ubingwa tena, na safari hii ikafa ligi yenyewe. Akarudi Sweden, Tyresö. Mei 2014 alifunga mabao mawili katika fainali ya Ligi ya Mabingwa iliyopotea 4–3 mbele ya Wolfsburg, na wiki chache baadaye Tyresö ikajitoa ligini kwa ukata. Mwanamume mwenye kipaji hicho angegombewa na matajiri wa Ulaya nzima.

Na kipaji chenyewe? Tazama nusu fainali ya Kombe la Dunia 2007 pale Hangzhou, dhidi ya Marekani. Anapokea mpira upande wa kushoto, mgongo ukielekea goli. Anaugusa upite upande mmoja wa beki, yeye anapita upande mwingine, anaukuta, anamkata beki wa pili, anapiga chini, wavuni. Brazil ilishinda 4–0. Siku tatu baadaye, Shanghai, kipa wa Ujerumani Nadine Angerer akapangua penalti yake, na fainali ikaisha 2–0. Kombe hilo hajalipata hadi leo. Kwenye Olimpiki ana fedha tatu: 2004, 2008 na 2024.

Orlando Pride ya Marekani, aliyojiunga nayo 2017, haikufa. Kwa miaka mingi haikushinda kitu, lakini ilikuwepo, na kwake hilo halikuwa dogo. Machi 2024 ikalipa dola 740,000 kumleta Barbra Banda wa Zambia kutoka China. Novemba 23 mwaka huo Banda alifunga bao pekee la fainali ya ligi dhidi ya Washington Spirit, na nahodha Marta, mwenye miaka 38, akainua kombe.

Bila kumpunja Banda, ubingwa ule ni wa klabu kabla ya kuwa wa straika yeyote. Marta alikuwa tayari tangu Umeå. Waajiri ndio waliochelewa.