Miaka 200 ya Charcot: Ugomvi juu ya mguu uliokataa amri

Novemba 29, 2025 ilitimia miaka 200 tangu azaliwe Jean-Martin Charcot, mtoto wa fundi wa magari ya farasi jijini Paris. Madaktari wa ubongo humwita baba wa fani yao, na hawakosei. Ndiye aliyeueleza kwa kina ugonjwa unaodhoofisha misuli mpaka mgonjwa ashindwe kupumua, ambao Wafaransa hadi leo wanauita kwa jina lake. Ndiye aliyependekeza ugonjwa wa kutetemeka upewe jina la Mwingereza James Parkinson. Hayo husemwa kwa fahari kila anapokumbukwa. Liko jingine ambalo wasifu wake hulipita haraka, nalo ndilo lililomtoa jasho miaka yake ya mwisho: wagonjwa waliopooza bila ubongo wao kuonekana na jeraha lolote.

Chukua kisa cha kijana mmoja aliyekuwa akipeleka maua kwa wateja. Oktoba 1885 aligongwa na gari la farasi mtaani Paris. Alipozinduka alikuwa na hakika kwamba magurudumu yalimpita juu ya mapaja, ingawa hayakumpita. Miguu ikafa ganzi, ikakataa kutembea. Charcot alimwonyesha darasani kama ushahidi wa mambo mawili: kwamba histeria, ugonjwa uliokuwa ukisingiziwa mfuko wa uzazi tangu zama za Wayunani, huwapata wanaume pia; na kwamba wazo lenyewe, likimwingia mtu kwa kishindo cha hofu, laweza kuulemaza mguu.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo lilimsumbua, lazima tuingie hospitali ya Salpêtrière. Mahali hapo palikuwa kiwanda cha baruti kabla ya serikali ya Louis XIV kupageuza mwaka 1656 kuwa makazi ya maskini, na Charcot alipopewa wodi mwaka 1862 alikuta maelfu ya wanawake wazee, wagonjwa wa kifafa, vilema na waliotelekezwa. Wengine waliona jaa la binadamu. Yeye aliona maktaba. Kazi yake ilikuwa kumchunguza mgonjwa akiwa hai mwaka baada ya mwaka, kisha akifariki aupasue ubongo na uti wa mgongo kutafuta palipoharibika. Mwaka 1870 Wajerumani Fritsch na Hitzig walikuwa wamegusa gamba la ubongo wa mbwa kwa umeme na mguu wa upande wa pili ukaruka. Ramani ikaanza kuchorwa: amri ya kutembea hutoka kwenye ukanda wa gamba la ubongo, huteremka kwa nyuzi ndefu, nyingi zikivuka upande mwingine chini ya ubongo, hushuka ndani ya uti wa mgongo, kisha hupokelewa na mishipa inayofika kwenye msuli. Pembeni ya njia hiyo, ubongo mdogo ulioko kisogoni husahihisha mwendo, na viini vilivyo katikati ya ubongo huamua mwendo upi uachiwe na upi uzuiwe. Kata njia hiyo popote, mtu atapooza, na kisu cha daktari kitakuonyesha ilipokatika.

Kwa watu wa histeria kisu hakikuonyesha kitu. Charcot hakusema wanadanganya. Alisema kuna hitilafu ya utendaji isiyoachia alama kwenye nyama ya ubongo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ndilo jambo la busara kuliko yote aliyowahi kusema, na laiti angeishia hapo.

Hakuishia hapo. Alitaka sheria, kama sheria za fizikia. Mwaka 1882 aliwasilisha kwenye Akademia ya Sayansi ya Ufaransa maelezo ya hipnosi, ule usingizi ambao mtu hulazwa kwa maneno na macho. Kwa maelezo yake hali hiyo ina hatua tatu zenye mpangilio, inawapata wenye histeria tu, na inaonekana kwenye misuli waziwazi. Mgonjwa aliyezionyesha hatua hizo vizuri kuliko wote alikuwa Marie Wittman, aliyejulikana kama Blanche, msichana aliyeingia Salpêtrière mwaka 1877 akiwa na umri wa karibu miaka 18. Wageni walimiminika. Waandishi, wanasiasa na waigizaji walikuja kuona, na Sigmund Freud, kijana kutoka Vienna, alikaa miezi kadhaa kuanzia Oktoba 1885. Mchoro maarufu wa André Brouillet wa mwaka 1887 unamwonyesha Blanche akianguka mikononi mwa daktari kijana, Joseph Babinski, huku Charcot akihutubia ukumbi wa wanaume waliovaa makoti meusi. Freud aliweka nakala ya picha hiyo kwenye chumba chake cha kazi.

Wakati huo huo, mashariki ya nchi, mjini Nancy, profesa Hippolyte Bernheim alikuwa akicheka. Alijifunza hipnosi kwa daktari wa kawaida tu, Liébeault, aliyekuwa akiwalaza wakulima na vibarua usingizi bila makeke. Mwaka 1884 Bernheim alichapisha kitabu akieleza kwamba mtu yeyote anaweza kulazwa, awe na histeria au asiwe nayo, na kwamba hatua tatu za Charcot hazipo popote isipokuwa Salpêtrière. Kwa nini huko tu? Kwa sababu huko ndiko wagonjwa walikojua kinachotarajiwa kwao. Kwa lugha ya waungwana wa Nancy, profesa mkuu wa Ufaransa alikuwa akisoma kwenye miili ya wagonjwa maandishi aliyoyaandika mwenyewe.

Aliyekoleza moto ni Mbelgiji Joseph Delboeuf, profesa wa Liège, na maandishi yake ya mwaka 1886 ndiyo ninayoyaegemea hapa kuliko ya wengine kwa kuwa yeye alikwenda kuona kwa macho yake. Wanafunzi wawili wa Charcot, Alfred Binet na Charles Féré, walidai kwamba sumaku ikisogezwa karibu na mgonjwa aliyelazwa, kupooza kwa mkono wa kulia huhamia mkono wa kushoto. Delboeuf alimkuta Blanche amekalishwa, sumaku kubwa ikichezewa mbele yake, na mabwana wale wakisema kwa sauti kinachotarajiwa kutokea, kana kwamba aliyelala hana masikio. Delboeuf alirudi Liège, akarudia majaribio kwa tahadhari, sumaku ikawa chuma tu. Binet alijibu kwa hasira, lakini miaka kadhaa baadaye alikubali kwamba alikosea. Ndiye huyo ambaye mwaka 1905 alitoa kipimo cha akili za watoto kilichomletea sifa duniani, na nadhani somo la sumaku lilimfundisha kumhofu mtafiti kuliko mtafitiwa.

Ugomvi ulitoka hospitalini ukafika mahakamani. Mwaka 1889 ofisa wa mahakama aitwaye Gouffé aliuawa Paris na mwili wake ukapatikana baadaye karibu na Lyon. Mshtakiwa mmoja, Gabrielle Bompard, alitetewa Desemba 1890 kwamba alikuwa amehipnotiwa na mwenzake. Profesa wa sheria kutoka Nancy alizungumza kwa saa kadhaa akitaka kuwasadikisha wazee wa baraza kuwa mtu aweza kuua kwa amri ya usingizini. Watu wa Paris wakapinga. Mahakama ikawasikiliza wa Paris: Bompard alifungwa miaka 20, mwenzake Eyraud akakatwa kichwa. Huo ukawa ushindi wa mwisho wa kambi ya Charcot, na haukuhusu ubongo hata kidogo.

Charcot alifariki Agosti 1893. Kiti kikabaki kitupu, na mashambulio makubwa ya histeria yakapungua wodini kwa kasi iliyowaaibisha wafuasi wake. Blanche naye, tunaambiwa, hakuanguka tena. Hapo wengi walitamka hukumu: tulijua, alikuwa akiigiza.

Basi msikilizeni mwenyewe. Daktari Alphonse Baudouin, aliyefanya kazi Salpêtrière akiwa kijana, aliandika mwaka 1925 kumbukumbu za mazungumzo yake na Blanche. Wakati wanazungumza, mwanamke yule alikuwa mfanyakazi wa hospitali ileile, kwanza chumba cha picha na baadaye chumba cha eksirei. Alikataa katakata kwamba aliigiza. Alisema kama walilala na kuanguka, ni kwa sababu hawakuweza kujizuia, tena halikuwa jambo la kupendeza. Na wale waliojaribu kumlaghai Charcot, aliwagundua kwa kuwatazama tu. Eksirei za siku zile hazikuwa na kinga. Zilimuunguza vidole, akakatwa kidogo kidogo, akafariki mwaka 1913. Mswidi Per Olov Enquist aliandika riwaya akimweka Blanche kwenye maabara ya Marie Curie, na wasomaji wengi wameichukua kuwa historia. Ni hadithi. Ukweli wenyewe unatosha.

Mrithi wa kweli wa ugomvi huu alikuwa yule kijana wa kwenye mchoro. Babinski, mtoto wa wakimbizi wa Kipolandi, aliliona tatizo kwa jicho la fundi: nitajuaje, bila kusubiri mgonjwa afe, kama njia ya amri imekatika? Februari 1896 alitoa taarifa ya mistari 28 tu. Ukikwaruza unyayo wa mtu mzima ambaye njia yake ni nzima, kidole gumba cha mguu hujikunja kushuka. Njia ikiwa imeharibika, kidole huinuka juu. Hakuna anayeweza kuigiza hilo kirahisi, na hakuna ombi la mgonjwa linalobadilisha jibu. Kila daktari aliyesoma Muhimbili, Makerere au Nairobi amewahi kukwaruza unyayo kwa sababu ya mistari hiyo 28.

Kidole kilimpa Babinski ujasiri uliozidi kipimo. Mwaka 1901 alitangaza kwamba histeria ni yale tu yanayoletwa na maneno ya ushawishi na kuondolewa na maneno ya ushawishi. Maneno mazuri, lakini yaliufanya ukuta kati ya mgonjwa na mwongo uwe mwembamba mno. Vita Kuu ilipoleta maelfu ya wanajeshi waliojikunja, waliotetemeka na waliobubujika machozi bila jeraha, mwanafunzi wake Clovis Vincent aliwatibu mjini Tours kwa umeme mkali. Mei 1916 askari Baptiste Deschamps, aliyekuwa akitembea mgongo umepinda, alipoona nyaya zinakuja alimpiga daktari ngumi. Alishtakiwa mahakama ya kijeshi, na magazeti yakauliza kama raia aliyevaa sare ana haki ya kukataa tiba. Alipewa kifungo cha miezi 6 ambacho hakukitumikia. Sioni aibu kusema kwamba ngumi ile ilistahili.

Dawa ya ugomvi ilikuwa imekwisha chapishwa miaka 8 kabla, ng'ambo ya bahari. Mwaka 1908 Charles Franklin Hoover wa Cleveland, Marekani, alieleza kipimo hiki. Mlaze mgonjwa chali, weka kiganja chini ya kisigino cha mguu uliopooza, mwambie aukandamize. Hawezi. Sasa mwambie auinue mguu ule mwingine, ulio mzima, huku ukiuzuia. Kisigino cha mguu “uliokufa” kitakukandamiza kiganja kwa nguvu, kwa kuwa mwili hujiegemeza wenyewe upande wa pili bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo waya haujakatika. Nguvu ipo pale mawazo yanapokuwa kwingine, na hupotea pale mgonjwa anapoukazia mguu mawazo yake.

Hapo ndipo sayansi ya karibuni ilipoanzia. Mwaka 1965 Kornhuber na Deecke wa Freiburg walionyesha kwamba ubongo hutoa wimbi dogo la umeme kabla ya mtu kusogeza kidole kwa hiari. Baadaye wimbi hilo likaonekana pia kwa wagonjwa wengi ambao mwili huwaruka wao wasitake. Mwaka 2010 Valerie Voon, Mark Hallett na wenzao Marekani waliwaweka wagonjwa wa mtetemeko wa namna hii ndani ya mashine ya picha za ubongo, kisha wakawaomba watu haohao waigize mtetemeko. Kuigiza na kuumwa havikufanana: wakati wa ugonjwa, eneo lililo juu ya sikio la kulia, linalolinganisha mwendo uliokusudiwa na uliotokea, lilifanya kazi kidogo kuliko wakati wa kuigiza. Blanche angefurahi.

Nasi tuna kurasa zetu. Januari 30, 1962 wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, wilaya ya Bukoba, walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Kufikia Machi 18, shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Madaktari Rankin na Philip hawakupata sumu wala maambukizi. Dunia inakisimulia kisa hicho kama kichekesho hadi leo. Oktoba 2023 miguu ya wasichana zaidi ya 90 wa shule ya Eregi, Kakamega, ilikataa kutembea na kuanza kurukaruka. Kabla majibu ya maabara hayajatoka, lilikwisha semwa lile la siku zote: wanakwepa mitihani.

Kwetu mgonjwa wa aina hii huzungushwa kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa, akauza mbuzi wa kulipia kipimo cha MRI, akaambiwa picha ni safi na hana ugonjwa, kisha akafikishwa kwa mganga au kwenye maombi, ambako angalau kuna mtu anayekubali kwamba anaumwa. Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache, hilo halina ubishi. Lakini kisigino cha Hoover hakihitaji umeme wala bingwa. Mwaka 2013 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili ulifuta masharti kwamba daktari apate kwanza msiba nyuma ya ugonjwa na ahakikishe mgonjwa haigizi. Dalili kama ile ya Hoover ndizo zinazouthibitisha ugonjwa. Jon Stone wa Edinburgh na wenzake wanahimiza daktari amwonyeshe mgonjwa mwenyewe dalili hiyo, ndugu zake wakitazama, ili wote waone kwamba mguu una nguvu na kwamba hakuna aliyewadanganya. Kisha huja mazoezi ya viungo yanayoyahamisha mawazo: kutembea kinyumenyume, kuburuza miguu, kuhesabu kwa sauti. Wapo wanaoshindwa kupiga hatua moja mbele wakaweza kumi za kurudi nyuma, siku hiyohiyo, kwenye korido ileile waliyoingizwa kwa kiti cha magurudumu.