Kete za Poka

Kete za poka ni visahani vya mviringo vinavyotumika badala ya fedha katika mchezo wa karata wa poka. Katika karne ya 19 wachezaji wa Marekani waliweka mezani chochote chenye thamani: sarafu, vumbi la dhahabu, hata vipande vya dhahabu ghafi. Kulinganisha thamani zake kulileta ugomvi, ndipo zikaja kete za mbao, mfupa na pembe za ndovu.

Hizo zilighushiwa kwa urahisi. Kuanzia miaka ya 1880 hivi zilienea kete za udongo uliochanganywa na shelaki, gundi itokanayo na wadudu, zikiwa na nakshi ngumu kuigwa.

Leo kete nyingi za nyumbani ni za plastiki, baadhi zikiwa na kisahani cha chuma ndani ili ziwe nzito. Za kasino hutengenezwa kwa mchanganyiko wa udongo au kwa kauri, na ndani ya baadhi hufichwa kifaa cha mawimbi ya redio cha kuzitambua, ili kuzuia wizi na kughushi.

Kinga hiyo ina sababu. Desemba 2010 jambazi aliiba kete za dola milioni 1.5 katika kasino ya Bellagio, Las Vegas; mwaka 2011 kasino hiyo ikaziondoa kete zake za dola 25,000 kila moja kwenye matumizi.