Kinanda chepesi cha jukwaani: mambo ya kupima kabla ya kununua

Mpiga kinanda anayeishi kwa maonesho hulipwa kwa saa chache anazokaa jukwaani, lakini chombo chake hukibeba tangu mlangoni kwake hadi ukumbini, na usiku wa manane hukirudisha nyumbani. Kwa wengi katika miji ya ukanda wa Maziwa Makuu, kuanzia Kampala na Kigali hadi Bujumbura na Bukavu, safari hiyo hufanyika kwa pikipiki ya abiria, kwa basi dogo au kwa basi la kuvuka mpaka. Ndiyo maana uzito huwa miongoni mwa maswali ya kwanza dukani.

Wepesi, hata hivyo, una gharama yake. Kila kilo inayopunguzwa huwa imetolewa mahali fulani: katika idadi ya vibonye vyeupe na vyeusi, katika namna vinavyobonyea, katika spika au katika uimara wa bodi. Mnunuzi anayejua kilichotolewa hununua chombo cha kazi yake. Asiyejua huja kukitambua akiwa mbele ya watu, fedha zikiwa zimekwisha kutoka.

Kutoka chombo cha kubebwa na watu wanne

Ogani ya umeme ya Hammond B-3, iliyopendwa makanisani na katika kumbi za jazi za Marekani tangu miaka ya 1950, ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 150. Piano ya umeme ya Rhodes yenye vibonye 73, iliyotamba katika miaka ya 1970, ilizidi kilo 50. Uzito huo ulitokana na ukweli kwamba sauti ilizaliwa na vitu halisi: ndani ya Hammond kulikuwa na magurudumu ya chuma yaliyozunguka, na ndani ya Rhodes nyundo ndogo ziligonga vyuma vyembamba.

Mwaka 1983 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa DX7, kinanda cha kidijitali chenye vibonye 61 na uzito wa takriban kilo 14. Tangu hapo sauti imekuwa kazi ya hesabu ndani ya chipu, na chipu haina uzito wa kutajika. Leo Yamaha MX61 ina kilo 4.8, Roland JUNO-DS61 ina kilo 5.3, na Korg Kross 2 ya vibonye 61 ina kilo 3.8. Vyote vitatu hubeba mamia ya sauti, kutoka piano na ogani hadi nyuzi na tarumbeta.

Uzito umejificha kwenye vibonye

Mfano wa Yamaha MX unaonesha wazi uzito unakotoka. MX61 na MX88 zina mtambo uleule wa sauti. Tofauti kubwa ni kwamba MX88 ina vibonye 88 vyenye nyundo ndani, vinavyoupa mkono uzito unaofanana na wa piano ya mbao. Nyundo hizo na bodi inayozihimili huifanya MX88 ifike kilo 13.9, karibu mara tatu ya ndugu yake. Mpigaji anayebeba kilo tisa za ziada, kwa hiyo, habebi sauti bora zaidi, anabeba mguso.

Mguso huo una thamani kwa anayeupiga muziki wa piano. Vidole vilivyozoea nyundo hutawala kwa urahisi tofauti ya sauti ndogo na kubwa, na vibonye 88 humpa oktava saba na zaidi kwa mikono yote miwili. Kwa upande mwingine, vibonye vyepesi vya springi hurahisisha mapigo ya haraka ya ogani na ya tarumbeta, ambayo kwenye nyundo huchosha mkono. Vibonye 61 ni oktava tano, na 49 ni oktava nne. Oktava tano hutosha kazi nyingi za bendi, kwa kuwa gitaa la besi limekwisha kuchukua sauti za chini.

Ipo pia njia ya kati. Casio Privia PX-5S, iliyotoka mwaka 2013, ilikuwa na vibonye 88 vya nyundo katika uzito wa kilo 11.1. Kwa upande wa wepesi uliokithiri ipo Yamaha reface CP yenye kilo 1.9, ila ina vibonye 37 tu, tena vidogo kuliko vya kawaida. Mwenye vidole vinene au mwenye kupiga kwa mikono miwili hana budi kuijaribu kwanza.

Umeme: swali linalosahaulika

Katika kumbi ambazo umeme hukatika, chanzo cha nguvu kina uzito sawa na sauti yenyewe. Jenereta inapochukua nafasi ya umeme wa kawaida, kinanda kisicho na betri huzimika, kisha huhitaji muda wa kuwaka upya. Mara nyingine hurudi kwenye sauti ya mwanzo badala ya ile iliyokuwa ikipigwa. Chenye betri huendelea kuwa hai, na mpigaji huwa tayari mara spika zinaporejea.

JUNO-DS61 hutumia betri 8 ndogo za AA za kuchajiwa, na Kross 2 hutumia betri 6 za aina hiyo. MX61 haina nafasi ya betri. Hutegemea adapta tu. Kwa mwimbishaji wa kwaya anayehudumu kwenye mikutano ya nje, tofauti hiyo yaweza kuwa sababu tosha ya kuchagua.

Adapta nayo yataka uangalifu. Umeme wa Afrika Mashariki ni kati ya volti 220 na 240, ilhali Japani hutumia volti 100 na Marekani volti 120. Kinanda kilichotumika kilicholetwa kutoka huko chaweza kuja na adapta itakayoungua siku ya kwanza. Zaidi ya volti, kuna mwelekeo wa chanya na hasi kwenye ncha ya adapta: kampuni nyingine huweka chanya katikati, nyingine hasi. Alama yake huchapishwa kwenye adapta na nyuma ya kinanda, na lazima zifanane. Anayevuka mpaka abebe pia kigeuzi cha plagi, kwa kuwa soketi za Uganda, Kenya na Tanzania aghalabu ni za pini tatu bapa, ilhali za Rwanda, Burundi na Kongo ni za pini za duara.

Utendaji jukwaani

Idadi ya sauti zinazotangazwa kwenye boksi haisemi mengi. Jambo la kuuliza ni jinsi zinavyofikiwa wimbo ukiwa unaendelea. Mpigaji wa jukwaani huhitaji vitufe vya kuita haraka sauti alizozipanga kwa kila wimbo, bila kupekua orodha ndefu kwenye kioo kidogo gizani. Huhitaji pia kugawa kinanda pande mbili, mathalani besi mkono wa kushoto na piano mkono wa kulia, na kuunganisha sauti mbili zilie pamoja. Vinanda vingine vikibadilishwa sauti huikata ghafla noti iliyokuwa ikilia. Hilo hujaribiwa dukani kwa sekunde chache.

Lipo vilevile suala la polifonia, yaani idadi ya noti ambazo mtambo waweza kuzitoa kwa wakati mmoja. MX61 na JUNO-DS61 zina 128. Idadi hiyo huonekana kubwa kupita mahitaji ya vidole kumi, lakini sauti moja ya piano yaweza kutumia nafasi mbili au zaidi kwa kila kibonye, na pedali ikikanyagwa noti za nyuma huendelea kushikilia nafasi zao. Polifonia ndogo huanza kumeza noti katikati ya wimbo.

Nyuma ya kinanda nako kutazamwe. Cha jukwaani kinapaswa kuwa na matundu mawili ya jeki kubwa, kushoto na kulia, yaliyotengwa na tundu la hedifoni. Vinanda vingi vya nyumbani vina tundu la hedifoni pekee, dogo na jepesi kulegea. Waya mrefu kutoka jukwaani hadi kwenye mikisa huokota mngurumo, kwa hiyo mpigaji makini hubeba kisanduku ambacho mafundi hukiita dibokisi, kinachosafisha njia ya sauti. Pedali pia isinunuliwe kwa kubahatisha. Ya kampuni moja yaweza kufanya kazi kinyume kwenye kinanda cha kampuni nyingine: sauti ikavutika mguu unapoinuliwa na kukatika unapokanyaga. Pedali zenye swichi ya kugeuza mwelekeo huondoa tatizo hilo.

Kila kazi na kinanda chake

Katika bendi ya rumba au ya densi, kinanda aghalabu hujaza nafasi ya tarumbeta, nyuzi na ogani. Vibonye 61 vya springi vinafaa, na wepesi upewe kipaumbele. Anayepiga peke yake hotelini, piano ikiwa ndiyo muziki wote unaosikika, atafidiwa na vibonye vya nyundo hata kama mzigo ni mkubwa; akipata nafasi ya kukiacha kinanda ukumbini, uzito hauna tena sauti katika uamuzi wake. Kwaya inayosafiri huhitaji betri kwanza, kisha kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo wa wimbo kufuata waimbaji.

Taarabu ina sharti lake. Baadhi ya nyimbo zake hufuata maqamu za Kiarabu, ambazo zina noti zinazokaa kati ya kibonye kimoja na cha jirani yake. Kinanda kisichoweza kushusha noti moja moja kwa robo hakitaweza kuzipiga sawasawa, hata kiwe chepesi namna gani. Yamaha kwa mfululizo wake wa PSR-A na Korg kwa mfululizo wake wa Pa wametengeneza vinanda vyenye uwezo huo. Mingi kati yake ina spika ndani, kwa hiyo mzigo huongezeka, lakini mpigaji wa taarabu hana njia ya mkato hapa.

Pima mzigo wote

Uzito ulioandikwa kwenye boksi ni wa kinanda kitupu. Mwanamuziki huongeza begi lenye sponji, stendi ya chuma, adapta, pedali, waya na dibokisi. Kinanda cha kilo tano hufika kilo kumi au zaidi kabla hajatoka nyumbani. Mara nyingine kubadilisha stendi huokoa kilo nyingi kuliko kubadilisha kinanda. Urefu nao una hesabu yake. Kinanda cha vibonye 61 kina takriban mita moja na chaweza kubebwa mgongoni kikiwa kimesimama, ilhali cha vibonye 88 huzidi mita moja na robo, na juu ya pikipiki huwa hatari kwa abiria na kwa wapita njia.

Kwa anayesafiri kwa ndege, mashirika mengi huweka kikomo cha kilo 23 kwa kila mzigo, na jumla ya urefu, upana na kimo isiyozidi sentimita 158. Kinanda cha vibonye 61 chaweza kuingia ndani ya kikomo hicho iwapo kasha lake si nene sana. Cha vibonye 88 kwa kawaida hakiingii, hata kikiwa chepesi, na hutozwa ada ya mzigo mkubwa.

Kabla ya kulipa

Vinanda vingi sokoni vimekwisha kutumika, na hilo si kasoro iwapo mnunuzi atachukua nusu saa kuvikagua. Mambo haya yafanyike hapohapo dukani:

- Piga kila kibonye polepole, kwa nguvu ndogo na kisha kubwa. Kibonye kinacholia kwa nguvu kikiguswa taratibu, au kisicholia, huashiria raba za ndani zilizochakaa au zilizoingiwa na vumbi.
- Tikisa kidogo plagi ya adapta na ya jeki sauti ikiwa inalia. Ikikatika, tundu limelegea.
- Zungusha kila kitufe cha sauti na usikilize kama kinakwaruza.
- Hifadhi mpangilio mmoja wa sauti, zima kinanda, kiwashe, kisha uangalie kama umebaki. Uliza kama mipangilio yaweza kunakiliwa kwenye kifaa cha USB.
- Sikiliza kwa spika kubwa, si kwa hedifoni pekee. Sauti nene ya kupendeza masikioni yaweza kupotea gitaa na ngoma zinapoingia.
- Pandisha kinanda begani na utembee nacho hadi barabarani.

Jaribio hilo la mwisho lina maana yake. Bega lililochoka huingia jukwaani pamoja na mwenyewe, na mpigaji aliyeanza kukikwepa kinanda chake kwa sababu ya uzito atakataa kazi ambazo zingemlipa. Lakini aliyenunua wepesi akakosa betri, robo noti au mguso ambao kazi yake inaudai atalazimika kununua mara ya pili. Kwa hiyo orodha ya kazi za miezi michache iliyopita, pamoja na njia iliyotumika kufika kila mahali, itamwelekeza mnunuzi vizuri zaidi kuliko jina la kampuni lililoandikwa mgongoni mwa kinanda.